Kipande Unachotaka Nikate

Mpendwa dada,

Simu yako bado imezimwa, kwa hivyo barua hii anakuletea Shangazi, anayekuja huko Timboroa kesho kuchukua viazi. Usimkasirikie. Hajui kilichomo.

Filamu yetu inaonyeshwa Jumamosi hapa nyumbani Pioneer, kwenye ukumbi wa kanisa. Baba amealika nusu ya mtaa, pamoja na kocha wako wa zamani. Mimi nimebaki na ujumbe wako wa mwisho: "Ukionyesha watu hiyo kitu nikilia, usiniite dada tena." Tena nina hasira na wewe, acha niseme ukweli.

Masharti yalikuwa yako. Tulikuwa jikoni, nikikueleza kwamba nataka kutengeneza filamu kuhusu mtu asiye na kasoro, na kwamba mtu huyo ni wewe. Ulicheka hadi chai ikafurika jikoni. Kisha ukaanza kunipangia: kamera moja, barabara moja, tunapiga picha mara moja tu, hakuna kukata, hakuna muziki.

"Wewe ukiachiwa utarudia mpaka ng'ombe walale," ulisema. "Na mimi nikiharibu race, nani hunirudishia?"

Nilikubali shingo upande. Sijawahi kuogopa kazi namna ile. Nilikaa kwenye boda boda nikiangalia nyuma, mgongo wangu umeegemea wa dereva, na wewe ukija mbio kwenye vumbi letu. Ulikuwa vile vile kocha alivyokuwa akiwaambia wasichana wapya: tazameni mabega yake, tazameni miguu, huyo hana kosa. Nilikutazama kupitia lenzi nikaamini kila neno.

Tulipopita mashamba ya mahindi ukapunguza mwendo, ukashika nyonga. Nikamgonga dereva begani asimame. Ukaja mpaka mbele ya kamera, machozi yanatoka, ukasema, "Nimechoka kuwa mfano. Kila mtu anaangalia tu miguu." Nilitaka kuzima nikuletee maji. Uliona mkono wangu ukisogea.

"Wacha iende," ulisema. "Si tulisema hakuna kukata?"

Ni wewe uliyesema hivyo, dada. Halafu siku ulipojiona kwenye kompyuta yangu, ulichukua begi, ukaenda zako Timboroa.

Baba naye ameiona. "Toa hapo," aliniambia. "Watu wanakuja kuona champion, si mtu wa kuhurumiwa." Baba bado anakuona pale uwanja wa ndege siku uliporudi na ushindi, umeshika kibuyu cha mursik, maziwa ya kulaki washindi, na akina mama wanaimba. Hataki kukuona mahali pengine, na sijui kama hilo ni pendo au ni woga. Labda yote mawili.

Kocha, Baba, hata mimi, tulikuwa tunataka mtu ambaye hayupo. Mimi nilikutana nawe pale uliposimama. Kabla ya hapo nilikuwa napiga picha ya miguu. Nikikata kipande hicho, kinachobaki ni tangazo la viatu. Na ningeweza kukionyesha tu, kwa sababu masharti yananiruhusu. Lakini machozi yale si yangu. Nimezunguka na jambo hili kichwani mpaka kichwa kinauma.

Basi nimeamua. Sikati. Jumamosi saa kumi nitasimama kando ya projekta, na kipande kile kikifika nitazima sauti, nitaziba mwanga kwa kiganja changu. Watu watakaa gizani mpaka kiishe. Wacha wanung'unike. Baba atanifokea mbele ya kocha, najua, na mkono utachoka, kwa sababu ulilia muda mrefu. Sitaushusha.

Jifunike vizuri, huko kuna baridi. Na ukitaka mkono huo ushuke, njoo uushushe mwenyewe.

Mdogo wako