Nguva Uliyelazwa Naye

Ami,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini nikianza bila salamu mkeo atasema hukunilea.

Tangu tukuzike pale Shella nimeficha jambo, na leo limenishinda. Nguva wako nimempata. Yule aliyegeuka jiwe, uliyemtafuta tangu mimi sijaota ndevu, ukiokota vipande vya mbavu zake kwenye magenge ya pwani huku watu wakikuita mganga wa mawe. Wataalamu uliowaandikia walikujibu kwa adabu kwamba mbavu hazitoshi, ulete kichwa. Kumbe alikuwa kaburini mwako.

Nilishuka mimi kukupokea. Wachimbaji walikuwa wamechonga mwanandani kwenye mwamba, ubavuni mwa kaburi, ili ulazwe humo. Nikapapasa, mkono ukagusa kitu laini kilichopinda. Nikasogeza uso, nikakigusa kwa ulimi, kama ulivyowafundisha watoto wa mtaa wa Kisumu Ndogo kila Jumamosi: "Jiwe halikujui. Mfupa wa kale una kiu, utaushika ulimi wako." Ukanishika, Ami. Watu waliokuwa juu walidhani nalia, mmoja akasema, "Jikaze, mwanangu." Ubavu baada ya ubavu, zote zimepinda kuzunguka pale pale palipochongwa kwa ajili yako. Kisha wakakuteremsha, nami nikakulaza katikati yake. Nilitaka kusema ngojeni, nikapokea mbao za kukufunika.

Uti wake wa mgongo unapita kichwani pako na kuingia kwenye ardhi isiyochimbwa, chini ya ule mti wa mvinje. Kichwa kiko huko. Kikitoka, waliokucheka wataliandika jina lako vitabuni. Nimekuja mara kadhaa na nyundo yako ndani ya kanzu, nikijidai nasoma Yasini. Jua la utosi, na mchanga wa hapo ni baridi. Kwingine kote unaunguza, hapo ni baridi.

Mwishowe nikamweleza mkeo, Bi Rukia. Hakushtuka. "Miaka yote kanilaza na mawe kitandani," alisema. "Mwache, sasa kapata mwenziwe." Tukacheka kidogo. Kisha akasema, "Na pale penye mvinje pasiguswe. Pale ni pangu, nimeshausia."

Yaani penye kichwa, Ami.

Tangu siku hiyo naiogopa nafsi yangu. Siku ya Bi Rukia ikifika, hapo patachimbwa tu, tena kwa halali, na atakayeshuka ni mimi maana ndiye aliyenilea na hana mtoto mwingine. Juzi alikuwa anakuna nazi, akashikwa na kikohozi kirefu, nikajikuta namtazama. Haikuwa huruma. Nilikuwa nakadiria siku zake. Akaniuliza, "Mbona wanikodolea macho?" Nikatoka nje.

Hukuwahi kuniambia kwamba kazi hii humfanya mtu hivi. Au nawe ulikuwa hivi, ukaficha? Nakupenda, Ami, na nimekukasirikia, na sina wa kumwambia yote mawili.

Basi kwaheri. Lala na mnyama wako, mimi simfuati tena. Watoto nitawafundisha kwa vile vipande ulivyoacha, vinatosha. Kesho nampeleka Bi Rukia kwa daktari kwa kile kikohozi, na nitamwombea umri mrefu mpaka nikuombe radhi kwa kukucheleweshea mke. Na siku ikifika, ashuke mwingine kumpokea. Mimi nitabaki juu na watu, nikiitikia dua.