Springi Nane Chini ya Kitanda

Kijiji Kipya, Githongo,
S.L.P. Meru.
14 Februari 1956.

Mpendwa mpwa wangu Mukiri,

Pokea salamu za Mjomba wako, mkubwa wa mitambo yote upande huu wa Mlima. Mitambo yenyewe ni trekta moja, lakini hata wazungu wa Embu gari likikohoa huuliza kwanza, Kiogora yuko wapi? Je, hujambo huko Mombasa? Kile kifua kimepona? Joto halijakumaliza? Sisi tunapumua, namshukuru Mungu, ingawa tangu wiki jana mimi napumua kwa woga.

Unaijua ile trekta ndogo ya kijivu ya sosaiti yetu ya kahawa, ile kuukuu. Ilikuwa imeishiwa nguvu, kilima kidogo tu inasimama kama punda mkaidi. Fundi mwingine angefungua injini nzima ndipo ajue. Mimi niliisikiliza kwa sikio moja, nikasema, valvu zimeungua.

Sasa, shida ni kafyu. Jioni lazima wote tuwe ndani ya kijiji, lango limefungwa, na kusaga valvu ni kazi ya polepole. Basi nikavua hedi, kile kichwa cha injini, nikazitia valvu na springi zake nane kwenye debe pamoja na kipande cha bomba la moshi kilichopasuka, nikaja navyo nyumbani. Usiku nikasaga valvu sita, kisha debe nikalisukuma chini ya kitanda watoto wasichezee. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Wewe uko mbali, labda hujui. Huku bomba na springi si vyuma vya trekta tena. Watu wa msituni hutengeneza bunduki kwa vitu hivyo hivyo. Kuna waliokutwa navyo wakapandishwa lori, na hawajarudi.

Asubuhi homgadi, walinzi wa serikali hapa kijijini, wakaja kupekua. Aliyevuta debe ni Njiru, mtu wa rika langu, tulitahiriwa msimu mmoja. Siku hiyo alinitazama kama hanijui.

"Hii ni nini, Kiogora?"

"Springi za valvu za trekta."

"Miaka yote hii umetudanganya vizuri kuliko hivyo," akasema, na wenzake wakacheka. Mukiri, ndiyo mara ya kwanza kumwambia Njiru ukweli mtupu, na hakuuamini.

Mzungu wao, afisa anayewaongoza, akapima bomba kwa kidole. Akasema kama ni vyuma vya trekta, basi trekta itawaka, sasa hivi, mbele yake. Isipowaka... Hakumaliza. Aliangalia lori tu.

Nikapelekwa kwenye kiwanda cha kahawa, trekta ilipo, bunduki imeelekezwa mgongoni mwangu. Makandi mke wangu akatufuata, hakuna aliyemwita. Nilisaga zile valvu mbili zilizobaki, nikaanza kurudisha springi. Kipini kimoja cha kushika springi kikaniponyoka kikaingia nyasini. Nikapiga magoti, sioni kitu. Makandi akapapasa kwa vidole vya mguu akakipata. Mimi nilikuwa namweleza askari habari za injini bila kuulizwa. Makandi akanong'ona kwa Kimeru, "Baba Riungu, nyamaza, kaza nati."

Nikakaza. Nikatia maji ya kupoza injini kwenye rejeta. Nikazungusha hendeli: kimya. Tena: kimya. Nyuma yangu nikasikia bunduki ikikokiwa. Ndipo nikaona nyaya mbili za plagi nimezipachika kinyume. Nikazibadilisha, nikazungusha kwa nguvu zote za ukoo wetu, ikakohoa, ikawaka. Sijawahi kusikia wimbo mtamu kama ule, hata kanisani.

Mzungu akaenda zake. Njiru akabaki akiangalia suruali yangu. "Mbona umelowa hivyo?" Nikamwambia rejeta inavuja.

Tangu siku hiyo naiwasha kila asubuhi, hata kama hakuna kazi, ili wasikie. Lori likipita napoteza hamu ya chakula. Tafadhali, usinitumie chuma chochote kwa posta, hata nati.

Nisalimie Lenah wako na watoto, na mzee Bundi ukimwona. Makandi anakusalimu sana. Mungu akulinde unapoingia na unapotoka, na asiruhusu mtu apekue chini ya kitanda chako.

Ni mimi Mjomba wako akupendaye,
Kiogora.

Nilisahau: kamati ya sosaiti inataka kukuandikia ununue rejeta nyingine huko Mombasa. Usinunue. Rejeta ni nzima, haijawahi kuvuja hata tone. Maji yale yalikuwa yangu.