Spinachi ya Shamba la Ajwang

Luanda Kotieno
3 Machi 2025

Kwa binti yangu Debra,

Pokea salamu kutoka hapa nyumbani. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yanabishana na mimi asubuhi. Wewe je? Ile homa ya mwezi jana imekuachia, ama bado unakohoa na kazini unaenda hivyo hivyo?

Blenda imefika. Achola wa gari la samaki aliileta juu ya kreti zake, inanuka omena lakini haina mkwaruzo. Umeandika kwenye karatasi eti nitafute fundi aniunganishie. Nyara, binti yangu, umesahau baba yako ni nani? Miaka thelathini na moja mimi ndiye nilikuwa fundi wa injini za feri hapa. Nimefungua injini katikati ya ziwa, abiria wanaomba Mungu, mimi napiga mluzi. Haka kajikopo kenye kisu chini ndiko kanishinde?

Sasa nikwambie ukweli. Nilijaza majani ya managu mpaka juu, na mabua yake, bila maji. Kikaguna, kikanyamaza. Nikatia maji, nikawasha, na kifuniko kilikuwa bado mezani. Ukuta wa jikoni sasa ni kijani. Rachael jirani alichungulia dirishani akaniuliza, "Mzee, umeanza kupaka nyumba rangi?" Nikamwambia ndiyo, na nikimaliza nakuja kwako. Ile iliyobaki nilikunywa. Ilikuwa chungu mpaka ndani ya masikio.

Tulivyokubaliana sijasahau. Daktari alisoma presha mia moja themanini na mbili. Ukasema siku ya kliniki ya Mei ikiwa haijashuka chini ya mia moja arobaini, nafunga nyumba nahamia kwako Kisumu. Mimi siwezi kuzeekea kwenye ghorofa, juu ya vichwa vya watu. Mama yako amelala hapa, nitamwachia nani? Kwa hiyo niandikie vizuri hiyo juisi inatengenezwa namna gani. Na mambo ya simu usiniletee. Ile uliyoninunulia iko chini ya ziwa, na huko inakaa vizuri.

Ni mimi baba yako,
Ondiek


Kisumu
9 Machi 2025

Baba yangu,

Natumaini magoti yamekubali kunyamaza. Mimi kikohozi kimeisha. Barua yako niliisoma kazini na nikacheka mpaka wenzangu wakauliza kuna nini.

Sikiliza sasa, na usiruke hata neno moja. Maji kwanza, nusu ya kile kikombe chako cha bati. Halafu majani, kiganja kimoja tu, si shamba lote. Managu mbichi usinywe, hayo ni ya kupika. Tafuta spinachi au sukuma wiki changa, osha mara mbili, toa ule uti wa katikati. Funika, ushikilie kifuniko kwa mkono, saga majani na maji peke yake mpaka usione vipande. Hapo ndipo unatia ndizi moja iliyoiva sana, na kipande cha nanasi au embe. Ndizi ndiyo inaficha ule ukali wa majani, wanaoanza wote huanza hivyo. Kamua ndimu kidogo. Sukari hapana, Baba, hata kijiko kimoja. Saga tena, kunywa hapo hapo. Tengeneza glasi moja tu, ikikaa inabadilika.

Na vidonge vya daktari usiache. Juisi ni msaada, dawa ni dawa. Spinachi kama hakuna sokoni, mwambie Achola nitatuma.

Neno langu ni lile lile. Ikishuka chini ya mia moja arobaini, sitakusumbua tena kuhusu kuhama.

Binti yako,
Debra


Luanda Kotieno
25 Machi 2025

Nyara Debra,

Habari ya huko, na afya yako? Hapa tumepata mvua, na mwili wangu unaenda kama injini iliyobadilishwa mafuta. Jana nesi wa zahanati alinipima: mia moja hamsini na tano. Akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia vidonge vyao nameza, lakini kazi inafanywa na majani.

Spinachi yako usitume. Unakumbuka lile shamba dogo la mama yako nyuma ya jiko? Tangu tulipomzika sijaligusa, mwaka wa pili huu. Juzi naenda kuangalia ua, nakuta spinachi imejiotea yenyewe, majani mapana kama masikio ya ndovu, meusi kwa ukijani. Hakuna mdudu hata mmoja aliyeonja. Nikachuma. Juisi ikatoka laini, tamu, sijawahi kuona.

Rachael akanipigia kelele juu ya ua, "Mzee Ondiek, shamba la mwanamke unalianza wewe? Nani amelionja?" Nikamwambia desturi naijua kabla yeye hajazaliwa. Chakula cha kwanza cha shamba, mwenye shamba ndiye huanza kuonja. Lakini hicho ni chakula kilichopikwa. Hii haikupanda jikoni, haikuona moto, haikuingia chungu. Hii ni juisi. Wazee hawakuweka sheria ya blenda. Akageuka akaingia ndani. Unaona baba yako hajashindwa na mtu kwa mdomo bado.

Ulisema glasi moja, lakini jagi ni kubwa na mimi sipendi mashine ifanye kazi nusu. Natengeneza mbili. Ya pili nafunika na sahani niinywe saa nane. Saa nane nikirudi, glasi ni tupu, na sahani iko juu yake vile vile. Nafikiri ni paka wa Rachael.

Baba yako,
Ondiek


Kisumu
1 Aprili 2025

Baba,

Afya yangu nzuri, na nimefurahi sana kuhusu presha. Hamsini na tano si mchezo. Endelea.

Lakini lile jambo la shamba limenikaa vibaya. Nakumbuka Bibi akitufundisha, mimi na Mama tukichambua boo, yale majani ya kunde: mpaka mwenye shamba aonje, chakula bado ni chake. Ukila kabla yake, umekula kwake, wewe ni mgeni wake. Hakusema kilichopikwa. Alisema ukila.

Mimi si mtu wa kuogopa mambo haya, unanijua. Ila Mama hayuko, na hatukumweka mtu mahali pake. Naomba uache hiyo spinachi. Nimempa Achola kifungu kutoka soko la hapa, kitakutosha wiki nzima.

Na Baba, paka hanywi spinachi. Na akinywa, harudishi sahani juu ya glasi.

Binti yako,
Debra


Luanda Kotieno
22 Aprili 2025

Nyara,

Uko salama? Mimi niko. Nimekaa muda bila kukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza nimalize uchunguzi. Fundi haandiki kitu ambacho hajakifungua akaona ndani.

Spinachi yako ya Kisumu ilikuwa imenyauka, nikampa Rachael awape kuku wake. Niliendelea na ya hapa. Wiki ya pili ya Aprili nikaamka nikakuta majani yamechumwa tayari, yako kwenye beseni, yameoshwa, uti umetolewa. Haukukatwa kwa kisu. Umevutwa kwa vidole, kutoka chini kwenda juu. Nikaenda kwa Rachael kumshukuru. Akasema, "Mimi niingie jikoni kwako na ukuta ule? Mzee, nina kazi zangu." Nikamwambia asione haya. Akaniangalia vile mtu anaangalia mgonjwa.

Halafu stima ikapotea. Transfoma ya hapa ililipuka na tulikaa siku nne gizani. Asubuhi ya kwanza naingia jikoni, glasi mbili ziko mezani, zimejaa, povu bado liko juu. Nikashika blenda, kavu. Nikajiambia, Ondiek, kuna mtu anakuchezea na mashine ya betri. Jioni nikafungua kile kisu cha chini, nikakitia kwenye mfuko wa shati, nikakifunga kwa pini. Asubuhi kisu kiko mfukoni mwangu, na glasi mbili ziko mezani. Nikaichunguza ile juisi kwa kijiko. Imesagwa kuliko blenda inavyoweza. Ni kusaga kwa jiwe, kule kwa mwanamke asiye na haraka. Na ina tangawizi. Mimi sina tangawizi nyumbani.

Nilikunywa. Ungetaka nifanye nini? Ilikuwa imewekwa upande wangu wa meza, na kile kiti kingine kilikuwa kimevutwa.

Zahanati wamesoma mia moja ishirini na nane. Andika hiyo mahali.

Baba yako,
Ondiek


Kisumu
27 Aprili 2025

Baba,

Sijambo kwa mwili. Kwa moyo sijui. Barua yako nimeisoma mara nne.

Ni Mama alikuwa akivuta uti wa majani kutoka chini kwenda juu. Alinichapa kidoleni kwa sababu mimi nilikuwa navunja. Hilo unalijua na hukuliandika.

Sikuombi tena, nakuambia. Usinywe. Ng'oa ile spinachi yote, choma. Presha imeshuka vya kutosha, kliniki ni tarehe kumi na sita, baki na vidonge tu. Nitatimiza ahadi yangu, utabaki nyumbani. Sitaki ushinde kwa njia hii.

Nijibu haraka. Achola anapita Jumanne na Ijumaa.

Binti yako,
Debra


Luanda Kotieno
17 Mei 2025

Binti yangu,

Hujambo? Wanaokuzunguka hawajambo? Mimi sina maumivu popote, hata magoti yamesahau.

Nimechelewa, nisamehe. Siku zimekuwa laini, moja inaingia kwa nyingine. Jana nilienda kliniki na Achola ni shahidi. Daktari alinifunga ile kamba ya mkono mara tatu. Tisini na sita. Akabadilisha mkono. Tisini na nne. Akasema, "Mzee, kuanzia leo acha vidonge." Nikamwambia niliacha tangu Pasaka, vilikuwa vinaharibu ladha. Akasema mikono yangu ni baridi, nikae wodini anitazame. Nikamuuliza kama amewahi kuona fundi analazwa kwa sababu injini yake inafanya kazi vizuri. Nikavaa kofia yangu nikatoka.

Spinachi nilijaribu kung'oa, usiseme nakudharau. Niling'oa mistari miwili saa nne asubuhi, jua likiwa kali, nikaichoma. Nilipomaliza kunawa mikono, spinachi ilikuwa imesimama pale pale, na udongo umelowa kama umemwagiliwa. Nilikaa chini kwenye udongo huo nikajisikia vizuri sana.

Nimeshinda, nyara. Sema umeshindwa.

Baba yako,
Ondiek


Kisumu
20 Mei 2025

Baba,

Nimeshindwa. Umesikia? Nimeshindwa, umeshinda, na ahadi yangu naivunja mbele yako. Presha ya mtu wa miaka sabini na sita ikishuka hivyo bila dawa, hiyo si afya, hiyo ni mtu anaondoka.

Jumamosi tarehe ishirini na nne nakuja na gari la kukodi. Funga nguo chache. Ukikataa nitakubeba, na Rachael atanishikia miguu yako. Utanichukia na nitakubali, bora uwe hai unichukie.

Usinywe kitu mpaka nifike. Kula ugali, kula samaki, kunywa maji ya kisima.

Debra wako


Luanda Kotieno
22 Mei 2025, asubuhi

Nyara Debra,

Nakusalimu, na leo afya yako ndiyo naiuliza kwa nguvu kuliko siku zote. Jijibu mwenyewe kabla hujasoma mbele.

Usije Jumamosi.

Sikwambii hivi kwa ubishi. Mimi sio mjinga. Zahanati jana walisoma sitini na nane, nesi akaikung'uta mashine, akaenda kuleta nyingine. Injini inayopunguza mzunguko bila mtu kuigusa, fundi anajua inaelekea wapi. Feri ikikaribia gati hupunguzwa hivyo hivyo, polepole, abiria hawasikii. Mimi naweza kukaa katika mwendo huu. Niko kwangu, asubuhi nawekewa glasi, na ninayekaa naye mezani namjua. Sijamwona uso. Namjua. Usinililie kwa hilo.

Sababu ni nyingine. Juzi mezani kulikuwa na glasi tatu. Ya tatu ilikuwa kile kikombe chako cha plastiki cha shule, chenye mpasuko. Nilikitafuta kikombe hicho miaka.

Nilisimama, nikaongea kwa sauti, mchana kweupe. Nikasema, Ajwang, mke wangu, mimi ndiye nilikula kwako bila kukungoja, kosa ni langu, huyu mtoto hajaonja kitu. Nikachukua hicho kikombe nikakimwaga mbali, mchangani. Jana hakikuwepo. Leo glasi ni mbili tu. Amenisikia. Lakini ukija ukakaa kwenye meza hii, sijui. Kaa Kisumu. Kula vya kununua. Hii ndiyo mara ya kwanza Ondiek anamwomba mtu kitu.

Achola atachukua barua hii kesho Ijumaa.

Baba yako,
Ondiek


Kisumu
22 Mei 2025, jioni

Baba yangu mpendwa,

Unaendeleaje? Mimi ni mzima kabisa, sikumbuki lini nilikuwa mzima hivi.

Asante kwa chupa ya juisi. Sikutegemea. Achola alikuwa na safari ya ghafla leo, akapita kwako alfajiri ukiwa bado umelala, akaikuta kizingitini, imezibwa kwa jani la ndizi. Haikuwa na jina lakini anasema alijua tu ni yangu. Nilikuwa bado nina hasira na wewe, nikataka kuimwaga kwenye sinki. Nikaionja kwanza kwa kidole. Halafu nikakaa chini na chupa yote.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kukugombeza. Yameisha. Sijui kwa nini nilikuwa nang'ang'ana uje huku, kuna nini huku? Mchana nimemwambia mwenye nyumba nahama mwisho wa mwezi, na kazini nimeacha barua mezani kwa bosi. Gari nimelifuta. Nitapanda gari la samaki la Ijumaa pamoja na Achola, kwa hiyo nitafika kabla hujapata barua hii, labda nikupe mwenyewe mkononi.

Usihangaike kunitandikia. Mwambie Mama niko njiani.

Mtoto wenu,
Debra