Moyo wa Cyuzuzo umebadilika sauti

Nyirasafari, uko? Niko hospitali na mjukuu wangu Cyuzuzo.

Unajua alizaliwa na moyo mbovu, wakampasua wakamwekea vali ya chuma. Kila asubuhi nikimsuka naisikia: ti, ti, ti, kama saa ya ukutani. Leo kimya. Nikaweka sikio kifuani. Iko mbali, Nyirasafari, kama saa iliyofunikwa blanketi! Na pumzi zinamkatika.

Daktari akauliza, "Bibi, anakula nini?"

Nikajibu kwa fahari: sombe, yale majani ya muhogo, na dodo, mchicha wetu, kila siku, wiki tatu, aongeze damu.

Akaweka kalamu chini. Kalamu chini!

"Mboga hizo zikizidi zinaishinda dawa yake ya kuzuia damu isigande. Naogopa damu imeganda kwenye vali."

Mimi. Kwa mkono wangu huu.

Hakunigombeza. Muuguzi akaniletea kiti na chai.

Na wewe usijilaumu. Sombe ulinivushia kutoka Goma kwa upendo. Hata Cyuzuzo ameninong'oneza mimi bibi yake, "Nyogokuru, usilie, ilikuwa tamu."

Wamemwingiza chumba cha upasuaji, kichwa kimesukwa nusu. Kitana ninacho mimi.

Yule muuguzi amerudi. Amenishika mkono: "Tumejitahidi, Bibi. Pole sana."