Picha Aliyoikataa Kambale

Bunia, Rwambuzi

Yaya Masika, dada yangu mukubwa,

Nisalimie watu wote kwanza kabla hujasoma, maana ukishasoma utasahau. Mugongo wa shemeji unasemaje? Na mama, lile wingu la macho bado linamufanya achanganye watoto wako? Siye hapa tuko. Bunduki zimenyamaza, watu wanaita amani. Miye naona tu kwamba hakuna anayenunua kitanda kikubwa. Kila mutu analalia godoro la kukunja na kubeba kichwani.

Barua yako ilifika. Kumbe mama amekataa matanga ya Kambale mupaka picha yake iwe mezani, kwa sababu mwili haupo, na kulilia meza tupu ni kulilia mbao. Nilisoma nikamusikia sauti. Lakini picha za nyumbani ziliungua pamoja na nyumba. Tangu wenzake waliporudi kutoka machimbo ya ng'ambo ya Bule na kofia yake tu, hatuna uso wa ndugu yetu mahali popote.

Nikaenda mutaa wa Bigo kwa Muzee Anselme. Weye humujui. Zamani alikuwa anapiga picha sokoni na ile aparei inayotapika picha yenyewe, watu wanaisimamia mupaka sura itokeze. Leo anauza makaa, na kuku wake anatagia ndani ya mufuko wa aparei.

"Filmu ziliacha kuja," akaniambia. "Kampala wakasema ngoja wiki ijayo. Kisha mwezi ujao. Kisha yule mwenye duka akanicheka."

Sasa kila mutu iko na simu, anajipiga picha mia, simu ikianguka ndani ya choo zote zinazama pamoja.

Lakini Muzee alikuwa na kartoni moja, ya picha ambazo wateja walizikataa: huyu amefumba macho, huyu amepiga chafya, bibi arusi amekasirika. Nzuri zilienda na wenyewe, vita ikazila. Mbaya ndizo zimebaki. Nyingi zimegeuka rangi ya chai. Na Kambale alikuwemo, yaya! Shati la mistari, mudomo wazi, mukono juu, anafukuza mbuzi.

"Alikataa kabisa," Muzee akasema. "Aliniambia: Muzee, huyu hapana miye, huyu ni mutu anauza samaki. Piga ingine."

Nikacheka mupaka nikakaa chini. Ilikuwa yeye kuliko picha yoyote ya kusimama wima.

"Ushike vizuri," Muzee akanikanya. "Hii haina kliche ya kutolea nakala. Ikipotea, hakuna ingine duniani."

Nikaipeleka studio ili ikuzwe. Watu walikuwa wengi mbele ya ordinateri, ile kompyuta ya kukuzia picha, nikaiacha, nikaenda kunywa chai. Ujue, Bunia kila karatasi inavalishwa plastiki kwa mashine ya moto: kadi ya uchaguzi, ya ubatizo, hata risiti ya redio, kwa sababu siku ya kukimbia vita, mvua haikuulizi. Niliporudi, mwenye studio, baba mumoja wa heshima, alikuwa anatabasamu.

"Mukubwa, ya kwako nimeivalisha bure. Nimesikia ni ya marehemu."

Picha za namna ile zina dawa ndani yake. Mashine iliipika. Ndani ya plastiki safi, inayong'aa, isiyoogopa mvua yoyote, kulikuwa na doa jeusi limevimba, na pembeni mukono mumoja unafukuza mbuzi. Alikuwa hajaikopi bado.

Alilia yeye. Miye ndiye nilimubembeleza. Kisha akapangusa macho, akanitazama kama fundi anayepima mubao.

"Weye na yeye, mulifanana?"

"Baba mumoja, mama mumoja."

"Basi kaa hapo."

Akanipiga picha, akanivalisha koti na tai kwa ordinateri, akanipunguza mashavu, akaniotesha ndevu kidogo. Iko ndani ya bahasha hii. Mama, na macho yale, atamuona Kambale. Majirani wataona Kambale aliyejifunza adabu.

Uamuzi ni wako. Ukiiweka mezani, mama atalia, halafu atalala. Ukimwambia ukweli, ataendelea kukaa mulangoni akitazama barabara. Ukiiweka, miye sitakuja. Uso uliosimamishwa kati ya mishumaa hauwezi kuingia kwa mulango ukiomba chai. Sema njia imefungwa. Mara nyingi ni kweli. Na baada ya matanga pia sioni siku ya kuja. Mama atakuwa ameniangalia kila asubuhi kama marehemu. Nikibisha hodi nitajibu miye ni nani?

Wasalimie shemeji, watoto, na shangazi anayelala na mama. Katekista aliyetufundisha ubatizo, anayejua sura zetu zote mbili, naye umusalimie, lakini asisogee karibu sana na meza.

Siku hiyo nitakaa hapa Rwambuzi nimulilie Kambale peke yangu, bila picha.

Mudogo wako aliye bado muzima,
Kasereka