Kilima Chenye Jina la Bibi

Kaka yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, wifi na binti yenu. Natumaini afya zenu ni njema, na baridi mnayoilalamikia kila mara imeanza kupungua. Sisi huku tu wazima. Mimi mgongo unaniuma kwa kuinamia meza ya kujalidi vitabu, lakini huo ni ugonjwa wa kazi, nimeshauzoea. Baba anakula, analala, anabishana na redio. Macho ndiyo yamekwisha. Sasa anatofautisha mwanga na giza tu, na hata hapo mara nyingi anabahatisha.

Barua yako tumeipata. Nilimsomea baba neno kwa neno kama ulivyoagiza: kwamba mwezi ujao unakuja na bwana mmoja anayetaka kununua mkusanyo wote kwa mkupuo, kwamba nivipanguse vitabu kwa brashi laini na nisizianike ramani juani, na kwamba mtu yeyote asiandike chochote ndani, hata kwa penseli. Sentensi hiyo ya mwisho uliipigia mstari. Kaka, unamwagiza fundi wa kujalidi asiandike ndani ya vitabu. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Sheria ya chumba kile cha vitabu tuliijua kabla hatujajua kusoma. Unanawa mikono kwanza, na kalamu zote zinabaki kwenye kopo nje ya mlango. Tone moja la wino linaiua ramani, ndivyo baba alivyotufundisha; mkusanyaji ataishika, ataguna, ataiacha mezani. Marehemu mama alizoea kulalamika kwamba chumba kile kinaheshimiwa kuliko yeye. Baba naye alimjibu kwamba enzi za ukoloni Wazungu waliwakusanya watu wake, wakawapima vichwa na kuwapiga picha, basi sasa ni zamu yake kuwakusanya wao. Ndiyo maana rafu zikajaa vitabu vya kuwaongoza wasafiri wao: dawa gani ibebwe, mpagazi asemeshwe vipi, mto gani usivukwe wakati wa mvua. Unaukumbuka ule ukurasa unaosema wenyeji wa huku ni wavivu ila wana nyimbo nzuri? Baba akiumaliza alikuwa anatugeukia na kututaka tuimbe.

Lakini kitabu chenyewe hasa kilikuwa kimoja. Habari zake unazijua, ila leo nitakusimulia kama mgeni, kwa sababu ulitenda kama mtu ambaye hakuwahi kusimuliwa. Babu, akiwa kijana, alimbebea mpimaji wa kizungu mnyororo wa kupimia ardhi. Siku moja mpimaji akauliza kile kilima chenye vilele viwili kinaitwaje. Babu, badala ya kusema hajui, akataja jina la mchumba wake, ndiye bibi yetu. Mzungu akaandika. Jina likachapwa kwenye ramani ya kukunjwa, nyuma ya toleo la kwanza la kitabu hicho cha wasafiri. Kufikia toleo la pili walishashtuka, wakakipa kilima jina la gavana. Bibi alifariki akimzaa baba. Hakuacha picha, na kaburi lake barabara imepita juu yake. Dunia nzima jina lake limeandikwa mahali pamoja tu, na baba alikitafuta kitabu hicho ujana wake wote hadi akakipata, huku akichora ramani za watu wengine katika ofisi ya ardhi. Jina lenyewe halijakutoka kichwani, najua. Ndilo baba aliloomba umpe binti yako, ukasema limepitwa na wakati.

Mwaka jana ulipokuja na sanduku lako la magurudumu, ulisema mgongo wa kitabu hicho umelegea na huko kwenu unamfahamu mtaalamu wa kuutengeneza. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, vidole vyangu bado vina gundi ya kazini. Nilimeza maneno kwa sababu baba alikuwa amefurahi mno. Alidhani hatimaye mwanawe wa kiume anavijali vitabu. Alikifunga mwenyewe kwenye kitambaa, akakikabidhi mikononi mwako kwa mikono yake miwili.

Kikarudi kwa posta kimevaa ngozi mpya na herufi za dhahabu, kimependeza kama bwana harusi. Nikaikunjua ramani. Karatasi safi, haina hata doa. Nilijua papo hapo, kabla sijasoma neno. Ramani yetu ilikuwa imechanika kwenye mkunjo, na kiraka chake nilikibandika mimi nikiwa bado shule ya msingi, baba amenisimamia kichwani bila kupumua. Ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kujalidi, na ndiyo siku uliyonibandika jina la Gundi. Hii haikuwa na kiraka. Nikakitafuta kilima, nikamkuta gavana. Umeing'oa ya bibi ukaweka ya toleo la pili, ukidhani ramani ni ramani tu na sisi huku hatutaona tofauti.

Baba alikuwa anasubiri kitini. Akaniomba nimwekee kidole juu ya kilima, kisha nimsomee. Nikamwekea kidole juu ya gavana, nikasoma jina la bibi. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Tangu hapo ikawa ndiyo shughuli yetu ya kila jioni baada ya chai. Nilimsomea mzee wangu jina ambalo halipo, na kila nilipomaliza nilikuchukia kidogo zaidi. Neno hilo la kukuchukia nimelirudia kulisoma kabla sijaendelea, na silifuti.

Sasa sikia. Siku chache kabla ya barua yako alikuja Mzee Lenzi, muuza vitabu vya kale, yule asiyeachana na lenzi yake ya kukuzia maandishi hata akienda msalani. Alikuja kupiga soga tu. Akatusimulia kwa furaha kwamba huko kwenu kuna ramani iliyogombewa mnadani hadi watu wazima wakakaribia kushikana mashati. Ni ya toleo la kwanza, akasema, ile yenye kosa maarufu. Baba akamuuliza kosa gani. Mzee Lenzi akaeleza kwamba kilima fulani kimeandikwa jina la mwanamke asiyejulikana, upuuzi mtupu wa mpimaji, na kosa hilo ndilo linalowatoa udenda wakusanyaji. Akaongeza kwamba ina kiraka cha ovyo kwenye mkunjo, kazi ya mtoto, na bado waliing'ang'ania.

Nikainuka kwenda kuongeza chai ambayo hakuna aliyeiomba. Mgeni alipoondoka, baba akaniambia nilete kitabu. Nikamwekea kidole. Nikaanza kulisoma jina la bibi kama kawaida, nikaishia katikati.

"Umelisoma vizuri siku zote, mwanangu," akaniambia. "Kiraka chako nilikipapasa nikakikosa tangu siku ya kwanza. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kumsikia mtu akimtaja mama yangu."

Nikalia, sikufichi. Nikamuuliza kama anajua ni nani aliyeing'oa, akasema kitabu hakikupita mikononi mwa mtu mwingine. Hakukulaani, kaka. Ningefarijika kama angekulaani. Alisema tu kwamba pengine ulikwama na ukaona haya kumwambia. Nikamjibu kwamba wewe haya ulizimaliza zamani, akaninyamazisha, akanikumbusha kwamba nina kaka mmoja tu.

Hapo ndipo barua yako ilipofika. Ile sentensi uliyoipigia mstari baba aliniomba niirudie. Nikairudia. Akasema niende mlangoni nikalete kopo la kalamu.

Nakuungamia sasa, na ungamo langu halina majuto ndani yake. Nililiingiza lile kopo chumbani. Baba akataka na chupa yake ya wino wa kuchorea ramani, ule mweusi usiotoka kwa sabuni wala kwa dua. Nikafungua ramani uliyotuletea, nikakiongoza kidole chake hadi kwenye kilima. Akamkata gavana kwa mstari mmoja ulionyooka, maana mkono wa kazi haujasahau, na pembeni akaandika jina la mama yake. Herufi zilikanyagana na kupanda juu, lakini linasomeka. Nikadhani tumemaliza. Akasema, "Lete nyingine."

Tumezipitia zote, kaka. Toleo la pili na yote yaliyofuata, ramani ya wawindaji, ramani ya reli, ile kubwa ya ukutani, hata kile kijitabu ambamo kilima ni kinukta kisichoonekana bila lenzi. Baba alipochoka mimi niliendelea, yeye akinitajia rafu kwa kichwa. Hakuna karatasi chumbani mle inayoonyesha kilima kile ambayo haina jina la bibi kwa wino. Tulimaliza viganja vikiwa vyeusi kama vya makanika, na baba alicheka hadi akakohoa.

Kwa hiyo mwambie bwana wako mapema, asije akapoteza nauli. Au mlete tu, nitamtilia chai. Ikiwa huko kwenu wanapenda makosa, hapa yamejaa chumba kizima, na haya hayauzwi.

Baba anakusalimu sana. Anaomba ukija uje na binti yako, amwekee kidole juu ya kilima na kumfundisha kulitamka jina. Msalimie wifi, mbusu mtoto. Mimi salamu zangu ni zile nilizokupa pale juu. Nyingine zikipatikana, nitakuandikia.

Ndimi mdogo wako,

Gundi