Jicho la Mama na Vumbi la Mbuzi

Wakonyo, acha hiyo chai unisome.

Unajua Jumatatu mama alidungwa ile sindano ya ndani ya jicho, ya kuzuia uzee usimmalize macho. Leo ameamka jicho jekundu kama nyanya, linauma, na anasema ananiona kama niko ndani ya moshi.

Nikamkimbiza kliniki. Sista hata hakumwangalia vizuri. Ati, "Mama, umejikuna na mikono ya kushika mbuzi. Hilo ni vumbi la mbuzi." Mbuzi! Mama akachukua kadi yake ya kliniki akainuka. Na wewe unamjua mama, akiondoka bila kubishana ujue kuna kitu.

Tukitoka nje akaniambia, "Regina, pigia Mwalimu Kuria." Yule mstaafu walikaa naye benchi moja siku ya sindano. Mama aliona dawa yao ikivutwa kutoka chupa moja.

Kuria akashika simu. Jicho lake pia ni jekundu, tangu jana! Nikamuuliza sista alimwambia ni nini.

"Vumbi la mbuzi."

Wakonyo. Mwalimu Kuria! Huyo mtu hajawahi kufuga hata kuku!

Sasa tuko njiani kwenda hospitali kubwa Meru, na Kuria tuko naye. Sista amenipigia saa hii, na upole ambao asubuhi hakuwa nao. Ati nirudishe kadi ya mama, "kuna kitu kidogo tu tunarekebisha."

Hiyo kadi ndiyo imeandikwa namba ya ile chupa.

Mama ameikalia.